Basketi ya vyuo vikuu Marekani: kwa nini kumbi nyingine zinajaa na nyingine zinabaki na viti wazi?

Kwa misimu miwili, kuanzia 2021 hadi 2023, kijana wa Lubumbashi, Oscar Tshiebwe, alicheza mechi zake za nyumbani ndani ya ukumbi wenye viti zaidi ya 20,000. Ukumbi huo unaitwa Rupp Arena, na uko katika mji wa Lexington, jimbo la Kentucky. Tulinganishe: uwanja wa TP Mazembe kule Kamalondo, ambao ni uwanja wa mpira wa miguu, unapokea watu karibu 18,000. Na Tshiebwe hakuwa anachezea klabu ya wachezaji wa kulipwa. Alikuwa mwanafunzi, na watu hao wote walikuja kutazama timu ya chuo kikuu.

Hali hiyo haipatikani kila mahali Marekani. Kuna vyuo vyenye jina kubwa ambavyo mechi zao za nyumbani zinachezwa mbele ya viti vitupu, na kuna timu za wanawake ambazo miaka ishirini iliyopita hazikuwa na watazamaji wengi, lakini leo tiketi zao zinakwisha kabla msimu haujaanza. Swali la nani anakuja uwanjani limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2025, pale vyuo viliporuhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Pesa hizo lazima zitoke mahali fulani, na kiti cha shabiki ni moja ya mahali hapo.

Namba zinazotangazwa na watu walioingia

Kwanza, msomaji ajue jinsi ya kusoma hesabu za mahudhurio. Daraja la kwanza la NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo vikuu, lina vyuo zaidi ya 350 vyenye timu za basketi. Vile tunavyoviona kwenye televisheni, Kentucky, Duke, North Carolina, Kansas, ni wachache sana. Vingi vinacheza mbele ya watu elfu chache, na vingine mbele ya mamia tu.

Pili, idadi inayotangazwa mwisho wa mechi mara nyingi ni ya tiketi zilizouzwa au kugawiwa, si ya watu waliopita mlangoni. Mtu aliyenunua tiketi za msimu mzima anahesabiwa hata akibaki nyumbani. Ndiyo sababu unaweza kusikia kwamba ukumbi ulikuwa na watu 12,000, wakati kamera inaonyesha safu nzima za viti bila mtu.

Pengo hilo linaonekana zaidi mwezi wa Novemba na Desemba. Wakati huo vyuo vikubwa huwalipa vyuo vidogo ili waje kucheza ugenini, mechi ambazo mara nyingi mshindi anajulikana mapema. Halafu Noeli inafika, wanafunzi wanarudi kwao, na ukumbi unapoteza sauti yake. Tiketi imeuzwa, lakini shabiki hayuko.

Georgetown: chuo cha Mutombo na umbali wa ukumbi

Mkongomani wa kwanza kujulikana sana katika basketi ya vyuo vikuu Marekani ni Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa aliyefariki tarehe 30 Septemba 2024. Alifika Georgetown, mjini Washington, kwa msaada wa masomo wa USAID akiwa na ndoto ya kuwa daktari. Kocha John Thompson alimwingiza katika timu, akacheza kuanzia 1988 hadi 1991. Mashabiki wa Georgetown walianzisha sehemu yao nyuma ya kikapu, na kila mara Mutombo au mwenzake Alonzo Mourning alipozima mpira wa mpinzani, waliongeza picha ya mkono mkubwa ulionyooshwa. Hesabu ya mikono hiyo ndiyo ilikuwa hesabu ya mipira iliyozimwa.

Lakini mechi hizo hazikuchezwa chuoni. Tangu mwaka 1981 Georgetown ilikuwa imehamisha mechi zake kubwa kwenda Capital Centre, huko Landover katika jimbo la Maryland, nje kabisa ya mji. Ukumbi ulio ndani ya chuo, McDonough, ni wa watu kama 2,500 tu. Wakati timu ilikuwa inashinda, umbali haukuonekana kuwa tatizo. Ilichukua ubingwa wa taifa mwaka 1984, ikafika fainali 1982 na 1985, na watu wa Washington waliifuata popote ilipokwenda.

Mwisho wa 1997 timu ilihamia katikati ya mji, katika ukumbi ambao leo unaitwa Capital One Arena, wenye viti karibu 20,000. Ukumbi huo ni wa timu ya NBA ya mji huo, Wizards, na Georgetown ni mpangaji. Mtaa wa Georgetown hauna hata kituo cha metro, hivyo mwanafunzi lazima apande basi kwenda kutazama timu ya chuo chake. Kisha ushindi ukaondoka. Katika msimu wa 2021-22, chini ya kocha Patrick Ewing, ambaye mwenyewe ni shujaa wa ubingwa wa 1984, Georgetown ilipoteza mechi zote 19 za ligi yake, Big East. Sehemu kubwa za ukumbi zilibaki tupu.

Mtu atauliza: je, Rupp Arena nayo haiko nje ya chuo? Ni kweli, iko katikati ya mji wa Lexington na si mali ya chuo. Lakini mwanafunzi wa Kentucky anaweza kufika kwa miguu. Tena, jimbo la Kentucky halina timu ya NBA. Mtu wa kijijini ambaye hakusoma chuo hicho hata siku moja anaita timu hiyo "timu yetu", na mabingwa mara 8 wa taifa ni wake. Washington ina timu za kulipwa za karibu kila mchezo. Anayechoka na Georgetown ana mahali pengine pa kwenda. Kwa hiyo ukubwa wa mji si lazima ulete mashabiki. Mara nyingi ni kinyume chake: mji mdogo, chuo kimoja, timu moja.

Msomaji wa Bukavu ataelewa haraka. Siku Muungano inapokutana na Bukavu Dawa, hakuna anayeuliza kama mchezo utakuwa mzuri. Watu wanakwenda kwa sababu ni jambo la mji wao.

Nani anakaa karibu na wachezaji?

Mfano wa pili uko North Carolina, ambako vyuo viwili maadui, Duke na North Carolina, vimetengana kwa kilomita kama 15 tu.

Duke inacheza katika Cameron Indoor Stadium, ukumbi wa mwaka 1940 wenye nafasi 9,314. Kwa chuo tajiri kama Duke, ni ukumbi mdogo. Lakini tangu zamani chuo kimewaweka wanafunzi chini kabisa, wamesimama hatua chache kutoka mstari wa uwanja. Tangu 1986 wanafunzi wanapiga hema nje ya ukumbi na kulala humo kwa wiki kadhaa za baridi, ili wapate nafasi ya kuingia katika mechi dhidi ya North Carolina. Kijiji hicho cha mahema kimepewa jina la kocha wao wa miaka mingi, Mike Krzyzewski.

North Carolina walichagua njia nyingine. Mwaka 1986 walifungua ukumbi mkubwa, Dean Smith Center, wenye viti zaidi ya 21,000, uliojengwa kwa michango ya watu binafsi ya dola zaidi ya milioni 30. Waliochangia walipewa haki ya viti vizuri karibu na uwanja. Ilikuwa njia ya haki kwa macho ya aliyetoa pesa, lakini matokeo yake yakaonekana: watu wenye umri na wenye mali chini, wanafunzi wengi juu au pembeni. Mwaka 1991 mchezaji wa Florida State, Sam Cassell, baada ya kushinda katika ukumbi huo, alisema kwamba mashabiki wa pale si kama wale wa Duke, wametulia kama watu waliokuja kunywa mvinyo na kula jibini. Maneno hayo yamekifuata chuo hicho hadi leo, ingawa baadaye wanafunzi waliongezewa nafasi chini.

Sasa ukumbi huo umezeeka, na chuo kimekuwa kinapima kama kiutengeneze au kijenge mwingine mahali pengine, hata mbali na katikati ya chuo. Ukumbi mpya wenye vyumba vya wageni matajiri unaingiza pesa nyingi zaidi. Lakini historia ya Georgetown inaonyesha hatari yake: ukimweka mwanafunzi mbali, hutamwona siku timu inaposhindwa.

Tuseme ukweli pia: kelele peke yake hazifungi vikapu. Tarehe 5 Machi 2022, Krzyzewski alicheza mechi yake ya mwisho Cameron mbele ya umati uliomsubiri kwa miezi. Ni North Carolina walioshinda, 94 kwa 81.

Wanawake wameonyesha njia

Kama kuna mahali ambapo mahudhurio yamepanda kwa namna iliyowashangaza wengi, ni basketi ya wanawake.

Jina la kwanza ni Caitlin Clark, aliyekulia katika jimbo la Iowa na kuchezea chuo kikuu cha jimbo hilo. Tarehe 15 Oktoba 2023 Iowa iliweka sakafu ya basketi katikati ya uwanja wake wa mpira wa miguu wa Kimarekani ili kucheza mechi ya kirafiki na DePaul. Walikuja watu 55,646, idadi ambayo haijawahi kuonekana katika mechi ya basketi ya wanawake. Msimu huo mzima, ukumbi wa Carver-Hawkeye wenye viti karibu 15,000 ulijaa kila mechi ya nyumbani, katika mji wa Iowa City ambao una watu kama 75,000 tu. Mwezi wa Aprili 2024, fainali ya wanawake kati ya Iowa na South Carolina ilitazamwa kwenye televisheni na watu karibu milioni 19 Marekani, wakati fainali ya wanaume haikufika milioni 15.

Wengi walisema: Clark akiondoka, watu wataondoka naye. Aliondoka, na kocha wake Lisa Bluder akastaafu mwaka huohuo. Hata hivyo, tiketi za msimu wa 2024-25 ziliuzwa zote tena. Iowa ilikuwa na mashabiki wa basketi ya wanawake kabla ya Clark. Yeye aliwaongeza, hakuwaanzisha.

South Carolina inatufundisha zaidi, kwa sababu haikutegemea mchezaji mmoja. Kocha Dawn Staley alifika mwaka 2008, akakuta timu isiyo na ukumbi uliojaa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Staley alikuwa na chema, lakini hakukaa kungoja kijiuze. Aliwaendea watu wa mji wa Columbia mwenyewe, akawafanya wahisi kwamba timu ni ya familia zao, wazee na watoto. Tiketi zilibaki za bei ambayo familia ya kawaida inaweza. Tangu msimu wa 2014-15 South Carolina imekuwa mbele ya vyuo vyote katika mahudhurio ya wanawake, kwa wastani wa zaidi ya watu 10,000 kila mechi katika misimu yenye mashabiki, ndani ya ukumbi wa watu 18,000. Ubingwa wa taifa ulikuja 2017, kisha 2022 na 2024. Angalia mpangilio wa miaka: watu walijaa ukumbini kabla ya kombe la kwanza.

Kelele zina thamani, hata katika kanuni

Mahudhurio si jambo la sifa tu. NCAA yenyewe inayahesabu, ingawa si kwa jina. Kamati inayochagua timu za mashindano ya mwezi wa Machi hupanga ushindi kwa makundi. Ili ushindi wa wanaume uingie kundi la juu, nyumbani ni lazima umpige mpinzani aliye kati ya 30 bora. Ugenini inatosha awe kati ya 75 bora. Maana yake, kanuni inakubali kwamba kucheza mbele ya umati wa mwingine ni mzigo mkubwa.

Kentucky ya Tshiebwe ni ushahidi mzuri. Katika msimu wa 2021-22 hawakupoteza mechi hata moja ndani ya Rupp Arena. Kijana wa Lubumbashi alidaka ribaundi 28 katika mechi moja humo, dhidi ya Western Kentucky, akamaliza msimu na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1, na akachaguliwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vyote vya Marekani. Mwezi wa Machi timu ilitoka nje ya nyumba yake, kwenye uwanja usio wa mtu, ikakutana na Saint Peter's, chuo kidogo cha New Jersey. Tshiebwe alifunga pointi 30, lakini Kentucky ikatolewa katika mechi ya kwanza.

Kwa wanawake kanuni ni tofauti kidogo: timu 16 bora zinaandaa mizunguko miwili ya kwanza katika kumbi zao. South Carolina hufaidika na hilo karibu kila mwaka. Shabiki aliyekuja Januari bado anaisaidia timu Machi.

Pesa mpya, hatari mpya

Hapa ndipo tunarudi kwenye swali la pesa. Tarehe 6 Juni 2025, jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi inayoitwa House dhidi ya NCAA. Tangu Julai mwaka huo, chuo kinaweza kugawia wanamichezo wake pesa moja kwa moja; kikomo cha mwaka wa 2025-26 kilikuwa dola milioni 20.5, kwa michezo yote pamoja. Kabla ya hapo, kuanzia Julai 2021, mchezaji aliruhusiwa tu kupata pesa za matangazo kutoka kwa watu wa nje.

Ni haki iliyochelewa. Kwa miaka mingi kumbi zilijaa na makocha walilipwa mamilioni, wakati mchezaji alipewa masomo, chumba na chakula. Kwa Mkongomani ilikuwa ngumu zaidi: Tshiebwe alikuwa na viza ya mwanafunzi, ambayo inabana sana kazi ya kulipwa ndani ya Marekani. Mwezi wa Agosti 2022 timu ilipokwenda kucheza Bahamas, ndipo alipopata nafasi ya kufanya kazi za matangazo nje ya nchi hiyo bila kuvunja sheria. Mashabiki 20,000 waliimba jina lake, lakini ili alipwe kwa jina hilo ilibidi avuke bahari.

Jonathan Kuminga wa Goma alipita njia nyingine. Mwaka 2020 aliacha kwenda chuo kikuu akachagua timu ya Ignite, iliyoundwa na NBA kwa ajili ya kuwalipa vijana. Timu hiyo ilifungwa mwaka 2024, kwa sababu pesa zilikuwa zimehamia vyuoni.

Lakini nani atalipa? Mwezi wa Septemba 2024, chuo kikuu cha Tennessee kilitangaza nyongeza ya asilimia 10 kwenye tiketi za msimu wa 2025 za mpira wa miguu wa Kimarekani, na kikasema wazi kwamba ni kwa ajili ya wachezaji. Ni rahisi kwa wakubwa wa basketi kufuata njia hiyo: kupandisha bei, kusogeza wanafunzi nyuma, kuuza viti vya mbele kwa makampuni. Wakati huohuo mashabiki wana sababu nyingine za kulalamika. Wachezaji wanaweza kuhama chuo kila mwaka, hivyo mtu hajui ni nani atakayemshangilia msimu ujao. Ligi zimechanganywa kwa ajili ya televisheni: tangu 2024 UCLA ya Los Angeles iko ligi moja na Rutgers ya New Jersey, ng'ambo nyingine ya nchi. Na televisheni ndiyo inaamua saa. Mechi inayoanza saa tatu usiku siku ya kazi inamfanya mzazi mwenye mtoto abaki kwenye kiti cha nyumbani.

Ukiongeza bei juu ya hayo yote, unaweza kupata pesa zaidi kwa mwaka mmoja au miwili. Lakini mwanafunzi asiyepata nafasi leo ndiye ambaye, baada ya miaka 15, hatanunua tiketi ya msimu kwa ajili ya watoto wake. Chuo kitakuwa kimekula mbegu.

Sisi tunachukua nini?

Vijana wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wanaendelea kuota kumbi hizo, na wazazi wanaendelea kuuliza kama basketi inaweza kulipa minervali. Inaweza, kwa wachache. Lakini wasimamizi wa michezo na wakuu wa vyuo vyetu hawana sababu ya kungoja ukumbi wa viti 20,000 ili wapate mashabiki.

Columbia, Iowa City na Lexington zimeonyesha kwamba umati hujengwa kwa mambo ya kawaida: uwanja ulio karibu na wanafunzi, bei ya mtu wa kawaida, saa ambayo watu wamemaliza kazi, mpinzani wa mji wa jirani anayerudi kila mwaka, na kocha anayesalimia watu. Uwanja wa saruji ndani ya chuo, wenye ngazi za kukalia kandokando na ratiba inayojulikana tangu mwanzo wa mwaka wa masomo, unatosha kuanza. Marekani ilianza hivyohivyo, na vyuo vyake vinavyosahau hilo ndivyo leo vinavyohesabu tiketi zilizouzwa huku viti vikiwa wazi.